Waliopita Kusalimia

Kila asubuhi nilifanya mambo matano, kwa mpangilio uleule. Nilipiga pasi blauzi yangu nyeupe. Nilifungua bahasha ya kaki kuhakikisha kwamba stashahada yangu bado imo, kana kwamba ningeipa nafasi ingetoka kwenda kutembea. Nilipanda ngazi sitini na nne za Wakala wa Ajira. Niliandika jina langu katika kitabu cha wageni. Kisha nilimsalimia Dada Mboni wa mapokezi, nikakaa kwenye benchi dakika tisa, nikaaga, nikashuka.

"Shikamoo, Dada Mboni."

"Marahaba, mdogo wangu. Umeamkaje?"

"Salama. Za hapa?"

"Njema. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anawasalimia."

"Zimefika. Na mvua huko kwenu?"

"Imenyesha kidogo."

"Afadhali. Haya, karibu."

Na hapo, katika kimya kifupi kinachofuata neno karibu, ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na sentensi moja tu. Niliibeba tangu nyumbani, niliifanyia mazoezi kwenye kila ngazi, na ngazi zilikuwa sitini na nne, kwa hiyo haikuwa sentensi isiyofanyiwa mazoezi. Ilifika hadi nyuma ya meno. Halafu mdomo wangu ulifunguka na kusema jambo jingine kabisa.

"Asante, dada. Nilipita tu kuwasalimia."

Miezi kumi na minne. Kitabu cha wageni kilikuwa na safu tano: jina, anakotoka, saa, sababu ya kuja, sahihi. Kwenye safu ya nne niliandika Kusalimia. Mara ya kwanza niliandika hivyo kwa aibu. Mara ya pili niliandika hivyo ili nisipingane na mara ya kwanza. Baada ya hapo ilikuwa ni mwandiko wangu unaojiandika wenyewe, mzuri, ulionyooka, maana nilisomea utunzaji wa kumbukumbu na chuoni walinisifu kwa mwandiko.

Jioni mama aliuliza, akiwa anachambua mchele bila kuinua uso, "Leo umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wanakusalimia."

Nimefikiri sana kuhusu jambo hili. Mama yangu alinifundisha kwamba mgeni hatangulizi shida yake mlangoni. Husubiri mwenyeji amuulize. Na ofisi ile ilikuwa imefundishwa, sijui na mama wa nani, kwamba mwenyeji hamuulizi mgeni kilichomleta, asije akadhani anafukuzwa. Kwa hiyo adabu mbili zilikaa zikitazamana mwaka mzima na zaidi, moja ikisema karibu, nyingine ikisema asante, na mimi nilikuwa katikati yake na bahasha mapajani. Je, haja isiyosemwa ipo? Ninaposhuka ngazi, inashuka na mimi, au inabaki kule juu kwenye benchi, ikipunga mkono? Na kama hakuna aliyewahi kuisikia, mimi ni mtu asiye na kazi, au ni mtu anayependa sana kusalimia?

Siku ninayoisimulia ilikuwa Kaimu Jumanne. Nasema Kaimu kwa sababu kalenda ya pale ukutani ilikuwa ya mwaka mwingine, ila tarehe zake zilikuwa bado nzuri, na hakuna aliyeona sababu ya kuzitupa. Zilikuwa zinashikilia nafasi hadi tarehe zenyewe zitakapoletwa. Karibu kila kitu mle kilikuwa kinashikilia nafasi ya kitu kingine. Mkurugenzi alitoka zamani akaacha koti lake kwenye kiti, kuonyesha kwamba yupo. Koti lilikuwa bado lipo. Aliyekaa kwenye kigoda mbele ya koti ni Bwana Lugendo, Kaimu Mkurugenzi, ambaye kila asubuhi alilipangusa vumbi mabegani na kuliambia, "Habari za kuamka, bosi."

Saa ya ukutani nayo ilipelekwa kwa fundi. Siku ilipoondolewa, alikuwa amekaa kwenye benchi mzee mmoja mnyamavu anayeitwa Mzee Chilongani, naye alikuwa amepita kusalimia. Wakamwomba, kwa kuwa amekaa tu, awe anawatajia saa hadi saa irudi. Hiyo ilikuwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Pembeni mwa benchi kulikuwa na bomba linalovuja kwenye ndoo, tone baada ya tone, na yeye alihesabu matone. Sitini, dakika. Hakukosea hata siku moja. Watu wa ghorofa za chini walikuja kurekebisha saa zao kwake.

Basi nilikuwa katika dakika ya saba ya benchi wakati Dada Mboni, ambaye sikuwahi kumwona amesimama, aliposimama. Nilishangaa kwamba ana miguu. Alikuwa amevaa sketi iliyopigwa pasi.

"Atuganile, mdogo wangu, nishikie kiti. Naenda mara moja."

"Dada, mimi sijui kazi ya hapa."

"Kazi gani? Hakuna kazi hapa. Unakaa. Mtu akija, unamkaribisha." Alivua sweta lake akalitundika kwenye mgongo wa kiti. "Sweta linabaki. Wakiuliza, waambie nipo."

Alipopita mbele yangu niliona kwapani mwake bahasha ya kaki. Kubwa kama yangu. Kingo zake zilikuwa zimechakaa kuliko zangu.

"Mara moja ni muda gani, Dada Mboni?"

Lakini alikuwa tayari anashuka, na viatu vyake vilisikika vikiiruka ngazi moja katika kila mbili.

"Saa nne na robo," alitangaza Mzee Chilongani kutoka kwenye benchi, kama mtu anayepiga muhuri.

Nikakaa.

Kiti kilikuwa cha joto. Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba kutoka upande ule dunia ni tofauti. Kutoka kwenye benchi, meza ya mapokezi ilionekana kama ukuta wa ngome. Kutoka kwenye kiti, ilionekana kama meza, na upande wangu wa ndani kulikuwa na maganda ya karanga na kiraka cha gundi. Kitu cha pili: nilianza kusahau. Sikusahau kwa ghafla. Kwanza lilipungua lile jambo la ngazi sitini na nne. Nikahisi kama sikuzipanda, kama nilizaliwa juu. Kisha jina langu likaanza kukaa mbali kidogo.

Akaingia mwanamke mrefu mwenye miwani.

"Hujambo, Dada Mboni."

Nilitaka kusema mimi si Dada Mboni. Nikasema, "Sijambo. Umeamkaje?"

"Salama. Za hapa?"

"Njema. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Na mvua hapa?"

"Imenyesha kidogo."

"Afadhali."

"Haya," nikasema, "karibu."

Kimya. Kile kimya. Kwa mara ya kwanza nilikitazama kutoka ng'ambo. Nilimwona akimeza mate. Niliona neno likipanda shingoni mwake, likipita chini ya mkufu, likifika kidevuni. Niliona bahasha. Moyo wangu ulimwonea huruma hadi vidole vya miguu vikajikunja ndani ya viatu. Kuuliza ilikuwa rahisi: dada, una shida gani? Maneno matatu tu baada ya dada. Lakini nilikuwa mwenyeji sasa, na mwenyeji hamuulizi mgeni.

"Nilipita tu kuwasalimia," akasema, na macho yake nyuma ya miwani yakazima.

"Asante sana," nikasema. "Usipotee."

Usipotee! Mimi, niliyemwambia hivyo, ndiye niliyekuwa nimepotea. Alipoondoka nilivuta kitabu cha wageni na kufanya jambo ambalo mtunza kumbukumbu hulifanya akiumwa roho: nilianza kusoma mafaili. Ukurasa baada ya ukurasa, safu ya nne. Kusalimia. Kusalimia. Kuwajulia hali. Nilikuwa napita. Kusalimia. Kutoa pole ya mvua. Kumsalimia Mboni. Kusalimia tena. Kwenye ukurasa mmoja mtu alikuwa ameandika herufi K, A, halafu akafuta, akaandika Kaka yangu anawasalimia. Mamia ya watu. Vitabu vilivyojaa vilikuwa kabatini, ishirini na viwili, na juu ya kabati kulikuwa na taarifa ya mwaka, imechapwa vizuri: Wasio na kazi waliofika ofisini: hakuna. Waliofika kusalimia: elfu sita mia tatu na tisa. Maoni: Ofisi inapendwa.

Nilikuwa nimekaa juu ya ushahidi. Elfu sita mia tatu na tisa, na kati yao kulikuwa na mia tatu na kitu wa mwandiko wangu mzuri, ulionyooka.

"Saa tano na nusu," alisema Mzee Chilongani. Tone. Tone.

Ndipo Bwana Lugendo alipotoka ofisini mwake na barua mkononi. Ni mtu mwembamba, mpole, mwenye tai fupi. Mlango ulipokuwa wazi niliona meza yake, na chini ya mguu mmoja wa meza uliokuwa mfupi kulikuwa na kitu kilichokunjwa mara nne ili meza isitikisike. Kilikuwa bahasha ya kaki.

"Mboni, angalia kitabuni kama kuna mwombaji. Imeletwa nafasi."

"Shikamoo, Bwana Lugendo. Mimi si Mboni. Ni Atuganile."

"Marahaba. Ukikaa hapo ni Mboni. Hata Mboni hakuwa Mboni. Alikuja hapa anaitwa Tabitha." Alivaa miwani akasoma. "Mtunza kumbukumbu. Mmoja. Si kaimu. Awe na stashahada, awe mtulivu, awe na mwandiko mzuri. Jina la mwombaji lisomwe kwa simu kabla ya saa sita mchana wa leo. Asipokuwepo, nafasi irudishwe."

Ilikuwa kama kumsikia mtu anakusoma wewe, akiruka jina tu. Masikio yangu yalipata moto. Stashahada ilijigeuza ndani ya bahasha, naapa niliisikia.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Umeshanisalimia. Angalia kitabu."

Niliangalia. Ningefanya nini? Nilishuka na kidole kwenye safu ya nne, ukurasa baada ya ukurasa, nikitafuta neno ambalo nilijua halimo, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa watu ambao hawakuliandika.

"Hakuna mwombaji," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya Mboni.

Bwana Lugendo alishusha pumzi. Hakuwa na furaha. Nataka lieleweke hilo. "Kama kawaida. Mwezi wa tatu ililetwa nafasi hiihii, tukairudisha. Mwezi wa nane ikaletwa, tukairudisha. Nashangaa sana. Watu wetu hawataki kazi, wanataka kujuliana hali."

Mwezi wa tatu nilikuwa pale. Siku zote za mwezi wa tatu. Mwezi wa nane nilikuwa pale pia. Niliukumbuka vizuri, maana niliwaletea maparachichi kutoka kwa shangazi. Nilikaa kwenye benchi, dakika tisa, hatua nne kutoka kwenye maisha yangu, nikiwa na mfuko wa maparachichi, na maisha yangu yakapigwa muhuri yakarudishwa, na mimi nikaambiwa asante sana, msalimie shangazi.

Alitoa muhuri mfukoni. Ulikuwa na neno moja: IMERUDISHWA. Akaubonyeza kwenye kidau cha wino. "Kimekauka. Mboni, tafadhali, wino."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilichuchumaa. Nilifungua droo ya chini, nikatafuta nyuma ya karanga, nikapata kichupa, nikadondoshea kidau matone matatu, nikayasambaza vizuri na ncha ya kalamu yasije yakachuruzika, nikampa kwa mikono miwili.

"Asante. Una mikono ya adabu."

"Asante, shikamoo."

"Marahaba. Hii ni shikamoo ya tatu leo." Akauinua muhuri. Alikuwa mtu wa taratibu, kwa hiyo alisimama hivyo, mkono juu. "Haturudishi kabla ya saa. Mzee, saa ngapi?"

"Saa tano na dakika hamsini na tisa," alisema Mzee Chilongani.

Tone.

Dakika moja ina matone sitini. Nilifungua mdomo. Sentensi yangu, ya ngazi sitini na nne, ilikuwepo nyuma ya meno, imevaa blauzi nyeupe, imepigwa pasi.

"Bwana Lugendo."

"Naam."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, asante. Mzee?"

"Hamsini na tisa."

Tone. Tone. Nilifikiria kumwonyesha stashahada bila kusema. Nilifikiria kuandika kwenye karatasi. Nilifikiria kuanguka na kuzimia, wanipepee, waione bahasha, waisome wenyewe. Nilifikiria kwamba huenda hii ndiyo kazi yangu: kushika kiti cha joto, kula karanga, kuwaambia watu wasipotee, hadi siku nitakapomwambia msichana mwingine naenda mara moja. Haikuwa mbaya. Ilikuwa na sweta.

"Mzee, bado tu?"

"Hamsini na tisa."

"Ulishasema hivyo."

"Na nasema tena."

"Lakini hii dakika..."

"Ni ndefu," alisema Mzee Chilongani. "Zipo za hivyo."

Nilimtazama. Hakuwa anaitazama ndoo. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja matone yalikuwa yanaanguka bila kuhesabiwa na mtu, na yeye alikuwa amenikazia macho mimi, kama mtu aliyeshikilia mlango mzito kwa bega ili mwingine apite.

"Mjukuu wangu," alisema taratibu, "nimeivuta nilivyoweza. Lakini chini wananisubiri warekebishe saa zao."

Nikamkumbuka mama na mchele. Umewaambia? Nimewaambia. Kila jioni nimewaambia. Nikawaza kwamba mimi si mtu mwongo, ila kuna kauli moja tu duniani inayoweza kuufanya uongo wangu wote wa miezi kumi na minne uwe kweli, hata kama umechelewa.

Nikasimama. Sweta la Mboni likaanguka.

"Samahani," nikasema, na sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yangu. "Sikupita kusalimia. Sijawahi kupita kusalimia, hata siku moja. Natafuta kazi. Nilisomea utunzaji wa kumbukumbu. Naitaka hiyo nafasi uliyoishika. Naitaka sana."

Mkono wa Bwana Lugendo ulibaki juu. Usoni mwake yalipita mambo mengi, na la mwisho lilikuwa kama kuumia.

"Hata ile siku ya maparachichi?"

"Hata ile."

"Yalikuwa matamu sana."

"Nafurahi. Lakini nilikuja kutafuta kazi."

"Sasa mbona hukusema, binti yangu?"

"Hamkuniuliza."

"Kumuuliza mgeni kilichomleta!" Alishtuka kweli. "Sisi si watu wa namna hiyo." Kisha akautazama muhuri, akaitazama barua, akageuza kichwa polepole kuelekea mlango wake, kule kwenye mguu mfupi wa meza. Aliponigeukia tena alikuwa ameweka muhuri mfukoni, upande wa wino ndani, na doa jeusi likaanza kuenea kwenye shati lake bila yeye kujali.

"Lazima iandikwe kitabuni," alisema. "Mimi nitapiga simu kuwasomea jina. Wewe andika. Una mwandiko mzuri. Barua inataka mwandiko mzuri."

Nilitafuta mstari wangu wa asubuhi ile. Atuganile, saa nne na dakika tano, Kusalimia. Nikakata neno la mwisho kwa mstari mmoja, ulionyooka, lisomeke bado kama tulivyofundishwa, na juu yake nikaandika Kazi. Halikuchukua nafasi kubwa. Herufi nne.

Ndani, Bwana Lugendo alikuwa ameshaanza kulitaja jina langu kwenye simu, herufi moja moja, kwa sauti ya juu.

"Saa sita kamili," alitangaza Mzee Chilongani, na kutoka ghorofa za chini tukasikia watu wakisema ahaa, na saa zikitekenywa.

Ningeweza kuondoka. Lakini nilikuwa bado nimeshika kalamu, na kitabu kilikuwa wazi, na sikuwa Mboni tena wala mgeni, kwa hiyo hakukuwa na adabu ya upande wowote iliyonifunga. Nilirudi nyuma kurasa nyingi, nikachukua na kitabu kimoja cha kabatini, na kingine, hadi nikaufikia mstari wa miaka kumi na mmoja iliyopita: Chilongani, saa nne na robo, Kusalimia. Nikakigeuza kitabu kimwelekee, nikauliza jambo ambalo ofisi ile haikuwahi kumuuliza mtu.

"Babu, na wewe? Kilichokuleta hapa ni nini?"

Tone, likasema bomba. Mzee Chilongani alilitazama. Alilitazama kwa hasira ya miaka kumi na mmoja, hasira ya mtu anayekijua kitu na amekaa akikihesabu. Mikono yake mikubwa ilifunguka magotini.

"Mimi," alisema, na sauti yake ilipasuka katikati, "ni fundi bomba."